Naomba ushauri: nimwelezeje mgeni tofauti ya Cabernet Sauvignon na Merlot ilhali mimi sinywi?

Mhudumu_Nungwi aliandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya Nungwi, na msimu huu nimepewa meza ambazo wageni wake huagiza mvinyo kwa wingi. Mivinyo myekundu tunayouza kwa glasi ni miwili, yote ya Stellenbosch, Afrika Kusini: mmoja wa zabibu za Cabernet Sauvignon, wa pili wa Merlot. Bei ni moja, kwa hivyo mgeni hana pa kushika ila kuniuliza mimi. Nami sinywi, kwa sababu ya dini yangu, wala sitaonja hata kwa kutema. (Suala la kuhudumia kileo nimekwisha kulipeleka kwa wanaostahiki kuulizwa, naomba tusilifungue hapa.)

Msimamizi wangu ameniambia niseme kwamba Cabernet ni nzito na Merlot ni laini. Juzi bibi mmoja wa Kijerumani aliyeagiza pweza wa nazi akaniuliza, "Laini kivipi?" nikabaki na kitabu cha oda mkononi, sina la kuongeza. Naomba mwenye kuijua kazi hii anieleze uzito huo unatokana na nini, na vipi nitausema bila ya kujifanya kwamba nimeonja.

Mzee_wa_Shangani alijibu:

Waalaykum salaam mwanangu. Nimesimamia baa za Mji Mkongwe kwa miaka mingi, na wahudumu wazuri niliowahi kuwa nao, baadhi yao hawakuwahi kutia tone mdomoni, kwa hivyo usivunjike moyo.

Kwanza tenganisha ladha na umbile. Ladha ni yale matunda na harufu ambazo kila mtu huzisikia kwa namna yake, lakini umbile ni namna mvinyo unavyokaa mdomoni: ukakasi wake, uchachu wake, ukali wa kileo na uzito wake ulimini. Mgeni aliyekuuliza "laini kivipi" alikuwa anauliza umbile, na umbile lina sababu zinazoelezeka.

Zabibu za Cabernet Sauvignon ni ndogo, zina ganda nene, na kokwa zake zinachukua nafasi kubwa kuliko kawaida ukilinganisha na maji yaliyomo. Mvinyo mwekundu hupata rangi na tanini zake (yaani vile vitu vya mmea vinavyoleta ukakasi) kwa sababu juisi huachwa ichache pamoja na maganda na kokwa, na ganda likiwa nene na maji yakiwa machache, tanini huwa nyingi. Tanini hizo hushikana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi, ulimi na ufizi vikakauka. Hali hiyo unaijua vyema kama umewahi kula bibo ambalo halijaiva sawasawa. Zabibu za Merlot ni kubwa zaidi, ganda lake ni jembamba, nazo huiva mapema. Tanini zake kwa kawaida ni chache na hazikwaruzi sana, na uchachu wake uko chini. Lakini usimwambie mgeni kwamba Merlot haileweshi sana, kwa sababu zabibu inayoiva mapema hujaa sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kuwa kileo.

Kwa upande wa ladha sitakuchosha. Cabernet husifiwa kwa matunda madogo meusi ya Ulaya na harufu ya mbao za mwerezi. Merlot kwa plamu zilizoiva na cheri, na mara nyingine chokoleti. Zote mbili zikivunwa kabla ya kuiva hutoa harufu ya pilipili hoho mbichi, jambo lisilo la ajabu, kwani uchunguzi wa vinasaba umeonesha kwamba zina mzazi mmoja, nayo ni Cabernet Franc.

Mpishi_wa_Chake alijibu:

Kaka yangu, mimi nitazungumzia sahani, kwa sababu mgeni hanywi mvinyo peke yake. Protini na mafuta ya nyama hupunguza ukakasi, ndiyo maana Cabernet hukubaliana na mbavu za ng'ombe au mbuzi wa kuchoma. Pilipili hufanya kinyume: huuzidisha ukakasi na kukifanya kileo kiwashe. Samaki ana tatizo lake mwenyewe, kwani chuma kilichomo katika mivinyo mingi myekundu kikikutana na mafuta ya samaki huacha shombo mdomoni. Yule bibi wa pweza wa nazi ningempa Merlot, tena iliyopoa kidogo, na kama pweza ametiwa pilipili nyingi ningemwelekeza kwenye mvinyo mweupe bila ya kuona haya.

Mkaazi_wa_Mbweni alijibu:

Naafikiana na waliotangulia, isipokuwa sipendi msemo huu wa "laini" ukichukuliwa kama sheria. Katika Pomerol, upande wa kulia wa mito ya Bordeaux, Ufaransa, ambako udongo wa mfinyanzi ni mwingi, Merlot hutoa mivinyo yenye nguvu inayoweza kukaa chupani kwa miongo kadhaa. Pétrus, mvinyo wa huko ambao bei yake haisemeki, ni Merlot karibu yote. Upande wa kushoto, Médoc, ardhi ni ya changarawe inayopata joto upesi, jambo linaloisaidia Cabernet inayochelewa kuiva. Wakulima wa huko huchanganya zabibu hizi mbili, moja ikijaza pale nyingine inapopungua, na mvua za vuli zikiwahi kuiharibu Cabernet, Merlot huwa imekwisha kuvunwa. Muulize msimamizi wako kama mivinyo yenu imekaa katika mapipa ya mwaloni, kwa sababu mapipa nayo huongeza tanini, na mapya huleta harufu ya vanila.

Mhudumu_Nungwi aliandika:

Shikamoo mzee wangu, nawe dada na ndugu wa Mbweni nawashukuru. Limebaki moja: nitaujuaje ukakasi nisiuchanganye na uchachu, na nimwambie nini mgeni kwa maneno machache?

Mzee_wa_Shangani alijibu:

Marahaba. Chemsha majani ya chai mpaka yakolee sana, usitie sukari, ukae na funda moja mdomoni; hizo ni tanini pia, na utaona mdomo unakauka. Kisha onja maji ya ndimu, utaona mate yanatoka. Ukishazijua hali hizo mbili hutazichanganya tena.

Kwa mgeni, anza na swali: unakula nini, na je, unapenda mvinyo unaokausha mdomo au unaoteleza? Kisha sema, "Mimi sinywi, lakini wageni wetu wanaokula nyama ya kuchoma huchagua Cabernet, na wasiopenda ukakasi huchagua Merlot," ikiwa ndivyo unavyoona mezani kwako. Tena angalia chupa zinakaa wapi. Kwa joto letu, chupa iliyowekwa nyuma ya kaunta hukifanya kileo kipande puani, na iliyotoka kwenye friji ya mivinyo myeupe huuzidisha ukakasi wa Cabernet. Digrii 16 hadi 18 zinatosha, nayo Merlot inaweza kushuka kidogo chini ya hapo. Robo saa katika ndoo ya barafu, kabla hujaifungua, kwa kawaida inatosha.