Naomba ushauri: reli ndogo ya mezani, feza kidogo

Bandugu, niko Lubumbashi, ninataka kujenga reli ya mezani yenye kufanana na ya SNCC, shirika la reli la Congo. Meza ni sentimita 60 kwa 120, kwa hiyo HO (kipimo cha treni za mezani, kikubwa kuliko N) haiwezi kuzunguka. Ninafikiria njia ya N, kipimo kidogo zaidi, upana wa milimita 9 kati ya reli, lakini mabehewa niyakate mwenyewe kwa karton, kipimo 1:120 (yaani ndogo mara 120 kuliko ya kweli). Hapo ile milimita 9 inakaribia sana upana wa reli yetu, milimita 1067. Terril (kile kilima cha mabaki ya madini) ya kampuni ya madini Gécamines nitaifinyanga kwa magazeti na gundi ya unga (hiyo hainisumbui).

Shida ni injini. Ninunue seti iliyotumika toka Ulaya, ao injini moja tu? Na kwa sababu umeme unapanda na kushuka, betri ya volti 12 itafaa kuliko transfoma?