Kisu chembamba cha kupasulia samaki: fundi huyu nimuamini?

Mama Ng'onda, Langoni

Assalaam aleikum nduzangu. Mimi kazi yangu samaki. Asubuhi napaa na kupasua wa wateja, wanaobaki natia chumvi nafanya ng'onda. Kisu changu ni kile cha dukani cha mpini mweupe wa plastiki. Ubapa wake mnene, hata nikinoe vipi, kikifika kwenye uti wa samaki aina ya changu hakifuati mfupa, kinapanda juu na kuacha nyama nusu kidole. Kwenye nguru ndiyo aibu kabisa, maana mteja wa nguru anahesabu vipande kwa macho.

Nataka kisu kisichokunjwa kama cha mfukoni, ubapa wa shibiri moja hivi, mgongoni milimita mbili au pungufu. Kuna mzee hapa kisiwani, mfua misumari ya majahazi, amesema atanifulia kwa 1,500, nusu mbele. Bei si neno. Lakini mwaka juzi nilimlipa fundi mwingine pesa yote, akaniletea kisu kinang'aa kama kioo, ala ya ngozi, na jina langu limechorwa juu. Wiki ya pili nikakiingiza kwenye kichwa cha tewa, kikapinda, kikabaki vivyo hivyo kama kijiko. Kurudisha, ananiambia, "Mama, hukukishika vizuri." Mimi! Miaka ishirini nashika visu!

Sasa huyu wa pili nitamjuaje? Au niagize cha Ulaya tu?

Nahodha Mstaafu

Waaleikum salaam, bi mkubwa. Muulize chuma amekitoa wapi. Akikujibu "ni chuma kizuri", chukua kikapu chako uondoke. Hapa Amu, yaani Lamu, magari ni ya kuhesabu, springi za magari huvuka kutoka Mokowe, bara, kwa hiyo mwenye springi anajua alivyoipata. Hicho ni chuma chenye kaboni, kinakubali kukazwa kwa moto. Cha kwako cha kwanza nadhani kilikuwa chuma cha dirisha, na hicho hata ukikichoma mpaka kesho hakikazi.

Tena jihadhari na visu vilivyotengenezwa kwa msumeno wa kukatia chuma. Misumeno ya mkono ya siku hizi mingi ni metali mbili zilizounganishwa, na ngumu ni ile ya kwenye meno tu. Fundi akiyasaga meno apate makali, ule ugumu ameushusha chini na vumbi.

Fundi Chuma, Malindi

Niseme ya kwetu, wenzangu wasinichukie. Ubapa mwembamba una fitina. Ukiuzamisha baada ya moto hujikunja, na ukiuweka kwenye mashine ya kusaga hupata moto upesi, makali yakageuka bluu. Pale palipokuwa bluu pamelainika. Tena bluu hiyo huondoka ukipiga msasa mzuri, ndiyo sababu kisu kinachong'aa sana mimi hukitazama mara mbili.

Kwa hiyo nenda ukakione kabla hakijasafishwa wala kutiwa mpini. Springi azamishe kwenye mafuta, maji yanaweza kuupasua ubapa mwembamba. Kikitoka hapo pitisha tupa: ikiteleza bila kuuma, chuma kimekaza. Kisha lazima akirudishe kwenye moto mdogo, kiwe rangi ya nyasi kavu, ama sivyo kitakatika kama chupa.

Kikishanolewa, laza makali kwenye ukucha wa kidole gumba, ukandamize taratibu. Utaona makali yanabonyea kidogo. Yakirudi, sawa. Yakibaki na kibonyeo ni laini, yakimeguka ni makavu mno. Na mama, kisu cha samaki kupinda si kosa, kosa ni kutorudi.

Bi Shela

Mimi ninacho cha Mora, kile cha Uswidi, mgeni aliniachia. Milimita mbili na nusu, chuma kisichoshika kutu, sijakilaumu. Ila ubapa wake ni kama sentimita kumi tu: changu na tasi wanaenda vizuri, nguru mkubwa nahangaika. Chako cha springi kitashika kutu, usijidanganye. Suuza kwa maji baridi, futa, paka mafuta ya nazi. Na ile ala ya ngozi ya nini kwa mtu wa chumvi? Inanyonya maji, kisu kinalala kwenye unyevu. Muulize pia msuka, ule mkia wa ubapa, unaingia mpinini kiasi gani. Kisu changu kimoja kilichomoka mpini mkononi, msuka wenyewe haukufika hata urefu wa kidole.

Mama Ng'onda, Langoni

Nimetoka kwa mzee sasa hivi. Nilikwenda na maswali yenu yote kichwani, sikuyamaliza. La springi tu nimeuliza, akanionyesha kipande kilichobaki, bado kina tundu la bolti. Kisha akatoa ubapa mweusi aliokuwa amemfulia mvuvi mmoja, akanipa na tupa: "Pitisha mwenyewe." Ikateleza, inalia kama inakwaruza kioo. Kabla sijaushusha akanionyesha ncha imekwenda kushoto kidogo, akasema huo anaurudia. Mimi sikuwa nimeiona.

Nimempa 750. Amenipima kiganja kwa uzi, msuka utafika mwisho wa mpini, ala nitashona mwenyewe ya turubai. Nimemwambia asiking'arishe, na jina langu asilichore.