Mauzo ya dawa: nianze na kampuni au na msambazaji?

Njozi_Kavu: Wakuu, naomba ushauri. Nimepata kazi mbili za kuuza dawa na wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Moja ni kampuni inayotengeneza dawa, nitakuwa natembelea madaktari. Nyingine ni msambazaji, nitauzia famasi. Ipi inamfaa anayeanza?

Chano: Umesomea nini? Kuna mshahara au ni kamisheni tupu? Gari na mafuta ni juu ya nani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

MamaWawili: Nenda kampuni, usisite. Wanakufundisha ugonjwa wenyewe, dawa inavyofanya kazi, madhara yake. Unafanya mazoezi mbele ya meneja mpaka umalize maelezo kwa dakika mbili, maana daktari mwenye foleni mlangoni hakupi zaidi. Msambazaji anakupa orodha ya bei, basi.

Ngalawa: Lakini kwa msambazaji ndiko unakojua biashara: stoku, mikopo, kudai madeni.

Kipepeo77: Ngoja nisimulie. Msambazaji niliyemfanyia kazi, simtaji, alihesabu mauzo mzigo unapotoka ghalani. Mwisho wa mwezi meneja anapiga simu: "Sukuma mzigo!" Tunawajazia wenye famasi maboksi ya dawa ya kikohozi kwa mkopo, kamisheni inaingia. Miezi inapita, maboksi yamejaa vumbi nyuma ya kaunta na tarehe ya kuisha imekaribia. Yakarudishwa. Kamisheni yote ikakatwa kwenye mshahara wangu, meneja hakuguswa. Mama mmoja mwenye famasi, aliyekuwa akiniita mwanangu, hakutaka kuniona tena. Njozi, uliza mzigo ukirudi nani anaubeba, na wakujibu kwa maandishi.

Chano: Pole sana. Ndiyo maana vigezo vya WHO vya 1988 kuhusu kutangaza dawa vinasema sehemu kubwa ya malipo ya mwakilishi isitegemee moja kwa moja kiasi anachouza. Kampuni ngapi zinafuata?

Njozi_Kavu: Nimesoma biolojia. Kampuni inatoa mshahara na bonasi. Msambazaji mshahara mdogo, kamisheni kubwa. Gari sijauliza. Halafu kampuni inauza jeneriki, yaani nakala za dawa zilizobuniwa na kampuni nyingine, kuna ubaya?

MamaWawili: Hapo utakuwa na kazi ngumu. Madaktari watakwambia jeneriki inaruhusiwa kuwa na dawa kuanzia asilimia 80 hadi 125, kwa hiyo hawaiamini.

Ngalawa: Hapana, mama, hilo linapotoshwa kila siku! Hizo namba si kiasi cha dawa ndani ya kidonge. Ni mipaka ya kitakwimu ya kulinganisha jeneriki na dawa ya kwanza zinavyoingia kwenye damu, na si wastani tu unaopaswa kukaa humo, bali makadirio yote pamoja na nafasi yake ya makosa, ya chini hadi ya juu. Dawa yenye wastani wa 80 haipiti, maana makadirio yake ya chini yatashuka chini ya 80.

MamaWawili: Nakuelewa, ila daktari hakupi muda wa kueleza yote hayo.

Kipepeo77: Anakupa ukienda na karatasi ya utafiti badala ya kalenda na mwavuli.

Chano: Zawadi zenyewe IFPMA, shirikisho la kimataifa la watengenezaji dawa, imezikataza kwa dawa za kuandikiwa na daktari tangu 2019.

Ngalawa: Kwa wanachama wake. Walio nje ya shirikisho je?

MamaWawili: Hao ndio wanaotuharibia. Daktari akishazoea bahasha, wewe uliyekwenda na utafiti unasubiri kwenye benchi mpaka jioni.