MAC karibu 0.5 kwa modi ya 4 na ya 5: kosa ni la modeli au la vipimo?

Bamba_Huru:
Wakuu, naombeni msaada. Napima modi za bamba, yaani maumbo linayochukua likitetemeka kwa masafa yake ya asili (mitetemo kwa sekunde), na kuzilinganisha na modeli kwa MAC, namba ya 0 hadi 1 inayoonyesha maumbo mawili yanafanana kiasi gani. Nina bamba la alumini la mraba, nimelining'iniza kwa kamba laini za mpira ili kingo zote ziwe huru. Akselerometa moja (kihisi cha mtetemo) nimeibandika karibu na kona, nyundo ya kugongea naihamisha nukta hadi nukta, 49 kwa jumla. Modi tatu za mwanzo zinalingana na modeli ya kompyuta, MAC juu ya 0.95. Baada ya hapo naona kilele kimoja tu kwenye grafu ya mwitikio, na umbo lake lina MAC 0.52 na modi ya 4 ya modeli, 0.46 na ya 5. Masafa yanakubaliana. Nirekebishe modeli?

Nyundo:
Usiiguse modeli! Jumlisha namba hizo: 0.98. Karibu umbo lako lote limo ndani ya modi hizo mbili, ila ni mchanganyiko wake. Bamba la mraba lililo huru lina jozi hapo, modi mbili zenye masafa yaleyale, na mchanganyiko wowote wa jozi hiyo ni modi halali. Akselerometa moja haiwezi kuzitenganisha. Inakupa mchanganyiko mmoja tu, kulingana na mahali ilipokaa. Soma kwenye modeli modi ya 4 na ya 5 zinasogea kiasi gani penye akselerometa. Zikiwa karibu sawa, nusu kwa nusu ndiyo tunayoitarajia.

Ongeza akselerometa ya pili kwenye kona jirani. Kona ya mkabala, upande wa pili wa ulalo wa bamba, haitakusaidia: pale modi zote mbili zinabadilisha alama (chanya kuwa hasi) kwa pamoja, unapata mchanganyiko uleule.

Bamba_Huru:
Nimesoma: zinakaribiana sana, ya 4 imezidi kidogo. Naongeza ya pili.

Mhandisi_M:
Nakubaliana na Nyundo, lakini hiyo 0.98 ina maana iwapo tu nukta zako 49 zinatofautisha modi ya 4 na ya 5 zenyewe. Linganisha modi za modeli zenyewe kwa zenyewe kwenye nukta hizo. Kwenye jedwali la MAC, namba zilizo nje ya ulalo, yaani za modi mbili tofauti, ziwe karibu na sifuri. MAC, tangu Allemang na Brown walipoieleza mwaka 1982, haihusishi tungamo, na nukta zinazosogea sana ndizo zinazoitawala. Ukishapata maumbo mawili, usiyalinganishe moja kwa moja. Tafuta kwanza mchanganyiko wa modi ya 4 na ya 5 unaokaribia zaidi kila umbo ulilopima, ndipo upige MAC.