Naomba ushauri: kozi ya kiangazi Ujerumani na krediti zake

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili, nasoma uchumi, na nimekubaliwa kozi ya kiangazi ya mwezi mmoja kwenye chuo kikuu kimoja Ujerumani. Viza hainisumbui: Schengen ya muda mfupi, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, basi.

Kinachonitatiza ni krediti. Kozi inatoa 6 za ECTS (mfumo wa krediti wa vyuo vya Ulaya), na kila moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, ila nikiuliza idarani kwetu kama watazitambua, wananiambia tutazungumza ukirudi. Nikirudi! Ada itakuwa imeshalipwa.

Mliowahi kwenda, mlipata makubaliano ya maandishi kabla ya kusafiri? Mliambatanisha muhtasari wa kozi peke yake, au na ratiba ya vipindi? Na anayesaini ni nani hasa, mkuu wa idara au msajili?