Binti yangu anachanganya x na y kwenye grafu, nimsaidieje?

BabaWatatu_Naliendele
Habarini za jioni wakuu, naombeni msaada kwa mnaojua hesabu. Binti yangu yuko kidato cha kwanza hapa Mtwara, jana karudi na daftari limejaa makosa, kaambiwa aweke nukta (3,5) kwenye grafu yeye kaiweka kwenye (5,3), na sio hiyo tu karibu zote kazigeuza. Mi niliishia la saba, nikamwambia x ni ya kulala y ni ya kusimama, akaniuliza sasa baba nani kasema ya kulala ndo ianze? Nikakosa jibu. Afu nikaharibu zaidi, nikafungua ramani kwenye simu nikabonyeza Mtwara mjini ikaleta -10.27, 40.18 nikamwambia unaona, hiyo ya kwanza ndo x. Sasa sijui kama nimemfundisha au nimempoteza na mtihani uko wiki ijayo.

Mkwezi_Mikindani
Kaka mwambie ni kama kuangua madafu. Huwezi kukwea mnazi kabla hujafika shinani. Kwanza unatembea chini (x), ukifika kwenye shina ndo unakwea (y). (3,5) ni hatua 3 kwenda kulia, afu unakwea 5. Ikija hasi kwenye x unatembea kushoto, ikija hasi kwenye y hakuna mnazi hapo kuna kisima, unashuka. Wangu nilimfundisha hivyo hajageuza tena.

TichaHesabu_Lindi
Mkwezi kasema vizuri sana, hiyo ya mnazi naichukua kesho naingia nayo darasani.
Mzee, binti yako kauliza swali la maana usimnyamazishe. Jibu lake ni kwamba ni makubaliano tu. Wazo lenyewe la kuunganisha michoro na namba linahusishwa na Mfaransa René Descartes, alichapisha mwaka 1637, waliokuja baada yake ndo wakaliweka sawa mpaka likawa hivi tunavyolichora leo. Wangeweza kukubaliana y ianze na hesabu isingeharibika, ila watu wakishakubaliana lazima wote tufuate, la sivyo mimi nikikwambia (3,5) wewe unaenda kwengine kabisa.
Kosa jingine ninaloliona kila mwaka, na hili watu hawalisemi, ni kuanza kuhesabu na moja. Mpeleke shambani, mikorosho iliyopandwa kwa mistari mita 12 kwa 12 ni grafu tosha. Msimamishe kwenye mkorosho wa pembeni kabisa mwambie hapa ni (0,0), hapa HUJATEMBEA bado. Wengi wanauhesabu huo mkorosho waliosimamia kuwa ndo wa kwanza, basi kila nukta inapungua moja. Akienda (3,5) awe kavuka nafasi 3 kulia ambazo ni mita 36, na nafasi 5 kwenda mbele mita 60. Ahesabu nafasi, asihesabu miti.

Mpimaji_Masasi
Nijibu la simu maana hilo linawachanganya hata watu wazima tunapoenda kuwapimia mashamba. Simu inaanza na latitudo, yaani uko kusini au kaskazini kiasi gani, afu ndo longitudo, mashariki au magharibi. Kwaiyo ukiifananisha na grafu, simu inaanza na y! -10.27 ni hasi sababu tuko kusini ya ikweta, 40.18 ni chanya sababu tuko mashariki ya Greenwich. Mtwara kwenye grafu ya binti inakuwa x = 40.18, y = -10.27, kulia na chini.
Mwonyeshe hatari yake, aandike kwenye simu 40.18, -10.27 aone, atatupwa baharini magharibi ya Ureno. Akisahau alama ya hasi akaandika 10.27, 40.18 atatokea Ethiopia. Namba ni zilezile.
Ila kama una karatasi ya shamba ulilopimiwa angalia, zile namba ndefu za UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita, huku kwetu ni kanda ya 37 kusini) zinaandikwa mashariki kwanza afu kaskazini, hizo zinafuata mpangilio wa x na y kama wa daftarini. Asifundishwe x kwa ramani ya simu, atumie hizo.

BabaWatatu_Naliendele
Wakuu Mungu awabariki. Leo baada ya magharibi tumechora uani kwenye mchanga, punje za korosho ndo nukta, nimemrudisha na la simu nikamwambia baba alikosea, tulipoandika kinyume ikatokea bahari kashtuka mpaka kamwita mama yake aje kuona. Nimempa nukta kumi kapata nane. Mbili alizokosa ni (0,4) na (4,0), anaziona kama ni kitu kimoja. Hapo nimwambieje?

Mkwezi_Mikindani
(0,4) mnazi uko hapohapo aliposimama, hajatembea hata hatua, kakwea tu. (4,0) katembea mpaka shinani kwenye mnazi, hajakwea. Mwambie azunguke aonyeshe kwa miguu yake, asichore kwanza.

BabaWatatu_Naliendele
Kapata zote mbili, na sasa anamfundisha mdogo wake wa la tano.