Maua ya kumpelekea mama mkwe anayestaafu: nyeupe ni za matanga tu?

Mkwe_Nakuru
Habari zenu. Mama mkwe, yaani mama wa mke wangu, anastaafu ualimu mwisho wa mwezi. Sherehe iko kwao Kakamega, nami natokea Nakuru kwa matatu kupitia Kericho na Kisumu. Nilikusudia kumpelekea yungiyungi nyeupe, ila nimeambiwa maua meupe ni ya msiba. Ni kweli? Na ni maua gani yatafika yakiwa bado na uhai baada ya safari hiyo yote? Kama kuna zawadi ya kuandamana nayo, nielekezeni pia.

MauaSection58
Huku kwetu kinachosema msiba ni umbo kuliko rangi. Shada la duara ni la kaburini hata ukilijaza waridi za machungwa. Kwa hiyo dukani omba bukee ya kushika mkononi. Ukisema "shada" bila kufafanua, unaweza kufungiwa la duara.

Yungiyungi nyeupe kwa Wakatoliki ni ua la Bikira Maria na la Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo si la kifo peke yake. Shida yake ni chavua. Ua likishafunguka, vile vichwa vya rangi ya kutu vilivyo katikati huacha unga usiotoka kwenye nguo. Vitoe kwa karatasi ya shashi vikiwa bado vimefumba. Kama nguo imeshaguswa, usisugue wala usitie maji. Bandika selotepu, uinue unga taratibu. Na kama pale nyumbani kuna paka, usipeleke kabisa: hata akilamba chavua tu, figo zake zinaweza kufa.

Mimi ningechagua kaneshoni za waridi, yaani pinki. Tarehe 10 Mei 1908, Anna Jarvis wa Marekani alipeleka kaneshoni nyeupe 500 kanisani Grafton, West Virginia, kumkumbuka mamake aliyezipenda. Baadaye desturi ikagawanyika: ya rangi kwa mama aliye hai, nyeupe kwa aliyefariki. Pinki pia husomwa kama shukrani. Nyekundu tupu mwachie mkeo, na ua la waridi la manjano ni la urafiki, ingawa Waingereza wa zamani walilisoma kama wivu. Shina 12 hadi 15 zinatosha, na jipsofila kidogo, vile viua vidogo vyeupe, ya kujazia.

Ndoo_na_Makasi
Naongeza upande wa safari, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Nunua jioni ya kuamkia safari, kaneshoni zikiwa nusu zimefunguka. Toa majani yote yatakayozama, kwa sababu yakioza majini bakteria huziba mirija ya shina. Kata sentimita 2 za chini kwa kisu kikali, kimshazari, na ukate katikati ya vifundo viwili. Kaneshoni ina vifundo kama muwa, na ukikata juu ya kifundo chenyewe maji hayapandi vizuri. Zisimamishe usiku kucha kwenye ndoo yenye maji, mahali penye baridi.

Asubuhi, kata chupa ya maji ya nusu lita katikati, weka pamba iliyolowa chini, ingiza shina, kisha funga pamba nyingine mdomoni ili maji yasimwagikie jirani yako. Usinyunyizie petali maji. Ukungu wa kijivu hupenda unyevu uliofungiwa, na madoa ya kahawia yataonekana mkifika Kisumu. Bukee ipakate mapajani. Juu ya injini ni moto, na kwenye keria upepo utaikausha.

Jambo moja zaidi: usikae karibu na ndizi mbivu. Ndizi ikiiva hutoa gesi ya ethilini, na kaneshoni huisikia upesi kuliko maua mengi. Petali hujikunja kuelekea ndani kama mwavuli unaofungwa, na zikishajikunja hazifunguki tena hata ubadilishe maji mara kumi. Abiria mwenye mkungu akiingia, hama kiti.

PindoLaLeso
Kwa kuandamana nayo, leso. Lakini soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa! Nyingi zina mafumbo ya kumjibu hasidi, na mwalimu atayasoma mbele ya wageni wote. "Nani kama mama" inafaa. Leso huuzwa jozi ikiwa imeungana, kwa hiyo ikate na uishone pindo mapema, ili aweze kujifunga siku hiyohiyo.

Halafu, ndugu, wewe ni mkwe wa kiume. Katika maboma mengi ya Waluhya yanayoshika mila, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Muulize mkeo kwao wanafuata ipi. Ikiwa ndivyo, yeye ndiye akabidhi bukee, nawe useme shukrani zako ukiwa umesimama kando. Usimlazimishe mama kukusogelea kwa ajili ya picha.

Mkwe_Nakuru
Asanteni sana, nimeacha yungiyungi. Je, nikichanganya na waridi chache za Naivasha? Na akishafika nazo nyumbani azitunze vipi?

Ndoo_na_Makasi
Changanya, ila minya kidogo pale petali zinapoanzia. Pakiwa pagumu kiasi, nunua, pakibonyea, limeshachoka. Waridi likiinama shingo, hewa au uchafu umeziba shina: kata tena sentimita 3 ukiwa umelizamisha majini, ulifunge karatasi likiwa limenyooka, liache saa mbili kwenye maji mengi.

Nyumbani: maji lita 1, kijiko kikubwa 1 cha sukari, nusu kijiko cha chai cha Jik (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe). Sukari ni chakula cha ua, lakini bila Jik inalisha bakteria kwanza, na maji yananuka siku ya pili. Abadilishe kila baada ya siku mbili na kukata shina upya kila mara. Waridi zitatangulia kunyauka. Azitoe mapema, maana ua linalonyauka nalo hutoa ethilini, na kaneshoni ziendelee peke yake.